Mfupa wa kalibu

Leo nimepita kwa fundi wa jipsamu Kongowea, anipigie hesabu ya urembo wa dari ya sebuleni. Nikamkuta anabandua ua la jipsamu kwenye kalibu ya raba, taratibu kama mtu anayemenya yai la moto. Nikacheka peke yangu.

Mwaka jana mpwa wangu alinibana kwenye makumbusho: "Mjomba, huu ni mfupa wa kweli?" Nikamjibu ndiyo, tena kwa kujiamini. Kibao chini yake kimeandikwa ni nakala. Wallahi niliona haya.

Kumbe kazi ya kutengeneza nakala hiyo ni ileile ya Kongowea. Kisukuku, yaani mabaki ya kiumbe wa kale, hupakwa silikoni laini (aina ya raba), tabaka juu ya tabaka, mpaka ishike kila ufa na kila tundu. Ikishakauka huvishwa ganda la plasta ili isijikunje, kisha hubanduliwa na kumiminwa rezini ndani, plastiki ya maji inayoganda. Mwisho rangi, na hapo ndipo fundi hasa hujulikana. Kisukuku chenyewe mara nyingi ni jiwe: kizito, na kikianguka ndiyo basi tena. Heri kikae stoo, wataalamu wakipime kwa nafasi yao.

Hata yule Dippy, dinosaria aliyesimamishwa London mwaka 1905, ni plasta tupu tangu siku ya kwanza. Mita 26 hivi za plasta!

Nikamsimulia fundi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akapangusa mikono: "Huyo dinosaria nitamtengeneza. Mwambie mwenyewe alete deposti."