Nilivyounganisha kompresa na riverbu kwenye mixa ya nyumbani

Studio yangu ni chumba cha uani, Tabata. Mixa ya sauti ya chaneli 12, kompyuta, magodoro mawili ya zamani ukutani. Kompresa, kifaa kinachoibana sauti inapozidi kuwa kubwa, niliinunua Kariakoo ikiwa imeshatumika, kwa ajili ya wanakwaya ninaowarekodi. Dada wa solo anaanza kwa kunong'ona, akifika kwenye kiitikio taa nyekundu ya programu inawaka, na sauti ikishapasuka hivyo hakuna namna ya kuiponya.

Nilichukua waya wa gitaa, nikachomeka upande mmoja kwenye tundu lililoandikwa INSERT nyuma ya chaneli ya kwanza, upande wa pili kwenye kompresa. Chaneli ikawa kimya kabisa. Nilihisi nimeua mixa, na mixa ile niliilipia miezi saba.

Kumbe tundu lile ni mlango mmoja wenye njia mbili: sauti inatokea hapo, inaenda kwenye kompresa, inarudi hapo hapo. Jeki yake inatakiwa iwe na mistari miwili myeusi. Kwenye mixa yangu ncha ndiyo inayopeleka, na pete ya katikati ndiyo inayorudisha. Jeki ya gitaa ina mstari mmoja, haina pete, kwa hiyo mwili wake unagusa njia ya kurudi na kuipeleka ardhini. Mixa ilikuwa nzima, ila sauti ilitoka ikakosa pa kurudia.

Dawa yake ni waya wa Y. Nilinunua jeki moja ya stereo na mbili za mono, nikachomelea kwa risasi usiku ule ule. Kabla ya kuchomeka nilipima kwa mita: ncha ikalia na waya mwekundu, pete ikalia na mweusi. Mwekundu kwenye INPUT ya kompresa, mweusi kwenye OUTPUT. Nikabandika plasta juu ya kila mmoja, KWENDA na KURUDI, maana ukivibadilisha unarudi kwenye kimya kile kile. Usiamini rangi za waya wa dukani, pima.

Sauti ikaja, na mvumo nao ukaja, mzito, wa chini, kama friji iliyolala ndani ya spika. Fundi mmoja wa mtaani akaniambia, "Mdogo wangu, vunja huo mguu wa juu wa plagi, utanyamaza." Nilikataa. Mguu ule ni wa ardhi, ndio unaomlinda mtu aliyeshika maikrofoni siku umeme wa volti 230 ukivuja kwenye bodi ya chuma, na wanaoshika maikrofoni zangu ni watoto wa watu. Nikachomoa kifaa kimoja kimoja. Mixa ilikuwa kwenye soketi ya ukuta huu, kompresa kwenye ukuta wa pili, kwa hiyo ardhi mbili zilikutana kupitia waya wa sauti na kufanya mzunguko. Nilivihamishia vyote kwenye ekstensheni moja yenye ardhi, mvumo ukakata. Mzigo wake ni mdogo, ekstensheni haipati hata joto.

Riverbu, kifaa kinachoongeza mwangwi, haikai kwenye INSERT. Hiyo nimeipa AUX 1, njia ya pembeni inayochota sauti kutoka kila chaneli, ili waimbaji wote watumie moja, na inarudi kwenye chaneli 11 na 12. Kwenye riverbu yenyewe nimeondoa sauti kavu yote, yaani isiyo na mwangwi, kwa kuwa kavu tayari iko kwenye mixa. Na kwenye chaneli 11 na 12 kitufe cha AUX 1 kiko sifuri. Ukikisahau, riverbu inajilisha yenyewe na chumba kizima kinapiga yowe.

Spika nawasha mwisho, nazima kwanza. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kitu cha kwanza ninachofikia gizani ni swichi za spika, ili umeme ukirudi zisipokee mshindo wa vifaa vyote vinavyowaka kwa pamoja. Jumamosi iliyopita ulikatika mara mbili. Dada wa solo alisubiri kwenye ngazi, tukaendelea, na kiitikio kikaingia bila taa nyekundu kuwaka.