Seva ya Kashe Nyuma ya Proksi ya Chuo

Ilikuwa Septemba 2015, wiki moja kabla ya muhula kufunguliwa. Maabara ilikuwa na kompyuta 30 zenye Ubuntu 14.04, na kila moja ilidai masasisho ya takribani MB 420. Laini iliyofika kwenye jengo letu ilikuwa Mbps 2, yaani kama KB 250 kwa sekunde. Piga hesabu: GB 12.6 kwa kasi hiyo ni saa 14, tena pasipo mtu mwingine kuigusa laini, na mchana ofisi zote zilikuwa zinaigusa. Tukaamua kufunga Squid, programu ya proksi (seva ya katikati inayopitisha maombi ya kompyuta nyingine) yenye kashe, yaani hifadhi ya nakala za vilivyopita, kwenye kompyuta moja ya ziada yenye RAM ya GB 2, ivute kila kifurushi mara moja kutoka nje kisha ikigawe ndani, ambako swichi ilikuwa ya Mbps 100.

Kazi hii inaifaa apt, programu ya Ubuntu ya kupakua na kusakinisha vifurushi, kwa sababu hazina za Ubuntu, yaani seva vinakowekwa vifurushi, hutumia http ya kawaida. Kinacholinda vifurushi ni saini ya kidijitali ya GPG kwenye faili la Release, lenye orodha ya fahirisi za hazina na hesabu za kuzihakiki, kwa hiyo seva ya katikati inaweza kuviona na kuvihifadhi bila kuharibu chochote. Hazina ya https haina faida hiyo. Squid inapitisha tu bomba lililofungwa, wala haijui kilichomo.

Ugumu ulikuwa kwamba jengo halikuwa na njia ya moja kwa moja kwenda nje. Kila ombi lilipaswa kupita proksi ya makao makuu, poti 8080, kwa jina la mtumiaji na neno la siri. Tulipofunga kifurushi cha squid3 na kuielekeza kompyuta ya kwanza kwenye poti 3128, jibu lilikuwa TCP_DENIED/403, yaani ombi limekataliwa. Hilo ni la kawaida, maana Squid inayokuja na Ubuntu, kabla hujaibadilisha, hairuhusu mtu asiye ndani ya mashine yenyewe. Tukaongeza mistari miwili katika /etc/squid3/squid.conf, juu ya http_access deny all:

acl maabara src 10.20.0.0/24
http_access allow maabara

Baada ya hapo apt ikaganda muda mrefu, kisha ikaleta 503, yaani huduma haipatikani. Kwenye logi ya Squid, daftari lake la maombi, mwisho wa kila mstari palisomeka HIER_DIRECT. Squid ilikuwa inajaribu kutoka yenyewe, ikagonga ukuta. Nikampigia msimamizi wa mtandao wa makao makuu kumwomba atufungulie. Akanijibu, "Kaka, hapa hakuna mlango mwingine. Iambie hiyo seva yako ipite kwa mkubwa wake." Alikuwa sahihi kabisa, na mistari inayofanya hivyo ni hii:

cache_peer 10.1.0.2 parent 8080 0 no-query default login=jina:siri
never_direct allow all

Ile 0 ni poti ya ICP, itifaki ambayo proksi hutumia kuulizana nani ana nini. Proksi nyingi za ofisi haziijibu, ndiyo maana no-query inafuata. Watu wengi huweka cache_peer wakaishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Kuitajia Squid mkubwa wake hakuizuii kujaribu njia ya moja kwa moja kwa baadhi ya maombi. Mstari wa never_direct ndio unaoizuia.

Sasa likaja 407, yaani mkubwa amekataa utambulisho. Neno la siri tulilopewa lilikuwa na alama ya %. Ndani ya login= Squid huisoma alama hiyo kama mwanzo wa herufi iliyofichwa kwa msimbo, mfano %20 kwa nafasi, hivyo % halisi lazima iandikwe mara mbili, %%. Tulipoirudia ikakubali mara moja. Faili hilo sasa lilikuwa na neno la siri lililo wazi, kwa hiyo tukalipa ruhusa 640, mmiliki root na kundi proxy. Njia hii inatosha kwa utambulisho wa aina ya Basic. Mkubwa akidai NTLM, utambulisho wa Windows, weka katikati Cntlm, proksi ndogo inayoujua, na uibadilishie poti, kwa maana nayo husikiliza 3128.

Vifurushi vikaanza kushuka. Tukajaribu kompyuta ya pili tukitarajia kasi ya ndani, lakini laini ya nje ikajaa vilevile. Nilikaa mbele ya access.log nikiisoma mstari kwa mstari. Vifurushi vidogo vilionyesha TCP_MEM_HIT, yaani vimetolewa kwenye kashe. Firefox, LibreOffice na kernel, kila kimoja makumi ya megabaiti, vilionyesha TCP_MISS, yaani havikuwemo, na tukirudia vinatoa TCP_MISS tena. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, maximum_object_size ya Squid ni MB 4 usipoibadilisha, na kilichozidi hapo hakihifadhiwi. Pili, mstari wa cache_dir ulikuwa bado umezimwa kwa alama ya #, na bila mstari huo Squid hutumia RAM peke yake, MB 256. Tukaandika:

maximum_object_size 1 GB
cache_dir aufs /var/spool/squid3 40000 16 256

Mpangilio huo una maana. Mara ya kwanza niliweka maximum_object_size mwishoni mwa faili na hakuna kilichobadilika, kwa kuwa cache_dir huchukua kikomo kilichokwisha kutajwa juu yake. Namba 40000 ni megabaiti. 16 na 256 ni idadi ya folda za ngazi mbili. Squid ya biti 64 hula kama MB 14 za RAM kwa kila GB ya diski, hivyo GB 40 zilihitaji MB 560 juu ya zile 256, na mashine yetu ilimudu. Kisha service squid3 stop, squid3 -z ili folda ziundwe, halafu start.

Hata hivyo baadhi ya kompyuta hazikunufaika. Nusu yake zilikuwa na tz.archive.ubuntu.com katika sources.list, faili la apt lenye anwani za hazina, nusu archive.ubuntu.com. Squid huhifadhi kwa anwani nzima, kwa hiyo kifurushi kilekile kwa majina mawili kwake ni vitu viwili. Tukaweka jina moja kote kwa sed, amri ya kubadilisha maneno ndani ya faili.

Lililotusumbua zaidi lilikuwa kosa la Hash Sum mismatch, ambalo apt hutoa hesabu ya faili isipolingana na iliyoandikwa kwenye Release. Tulifuta /var/lib/apt/lists, tukafuta kashe yetu yote, bado likarudi. Kosa halikuwa kwetu. Proksi ya makao makuu nayo ilikuwa inahifadhi, na ilitupa Release mpya pamoja na Packages, fahirisi ya vifurushi, ya jana, hivyo hesabu hazikulingana. Kwa upande wetu tukazuia fahirisi zisihifadhiwe:

acl fahirisi urlpath_regex (Release|Packages|Sources|Translation)
cache deny fahirisi

Kwa upande wa mkubwa, tuliendesha apt-get -o Acquire::http::No-Cache=true update kwenye kompyuta moja, naye akalazimika kuchukua nakala mpya. Mwenzangu mmoja aliona inavyofanya kazi, akaiandika amri hiyo kwenye faili la kudumu la kompyuta kumi. Zote kumi zikaanza kuvuta kutoka nje tena, logi ikajaa TCP_CLIENT_REFRESH_MISS, kwa sababu No-Cache inaikataza Squid kutoa hata vifurushi ilivyonavyo. Tukaiondoa. Kila kompyuta ikabaki na mstari mmoja tu ndani ya /etc/apt/apt.conf.d/01kashe:

Acquire::http::Proxy "http://10.20.0.5:3128/";

Squid 3.3 tuliyokuwa nayo haikuwa na uwezo wa kuunganisha maombi yanayofanana. Huo ulirudi katika 3.5. Kompyuta 30 zikianza pamoja, zote hukosa kwa pamoja na kila moja huvuta nakala yake. Kwa hiyo jioni, ofisi zilipofungwa, tuliwasha moja kwa apt-get -y -d dist-upgrade, ambayo hupakua bila kusakinisha. Ilichukua nusu saa na ushei. Kisha tukaziwasha zilizobaki tano tano. Taa ya laini ya nje kwenye ruta ikatulia huku taa za swichi zikiwaka bila kukoma, na kabla ya saa nne usiku kompyuta ya 30 ilikuwa inasakinisha.