Tedi za watoto wa mafuriko

Jamani, tukichangia waathiriwa wa mafuriko tunakumbuka unga, blanketi na sodo. Vyema kabisa. Lakini mtoto aliyeona nyumba yao ikibebwa na maji usiku anahitaji pia kitu cha kukumbatia.

Mwaka 2024 Nyando, kaunti ya Kisumu, ilipofurika, nilinunua tedi za mtumba pale soko la Kibuye, nikazifua kwa maji moto na kushona upya macho yaliyolegea (mtoto mdogo anaweza kuyameza), nikazipeleka Ahero, huko huko Nyando. Kasichana fulani hakakuwa kakizungumza na yeyote. Kalichagua sungura mwenye sikio moja, kakamfunika kwa leso, kakamwambia: “Usiogope, maji hayafiki hapa.” Mamake aliangua kilio.

Masika yanakaribia tena. Mwenye tedi nzima nyumbani aifue, anitumie ujumbe, nitaijia.