Oda nyingi, mfuko mtupu: jinsi nilivyoirekebisha karakana yangu

Karakana yangu ya samani, iliyopo Keko, Dar es Salaam, ilikuwa na oda nyingi, lakini kila mwisho wa mwezi nilikopa ili kuwalipa mafundi, nami niliamini kwamba nilichokosa ni mtaji. Mshauri niliyempata kupitia SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo, aliomba kwanza daftari la mauzo. Kisha tukachukua kitanda kimoja cha mninga, futi tano kwa sita, tukaandika mbao, gundi, msasa, vanishi, umeme wa mashine ya randa, siku za fundi na hata nauli ya mkokoteni. Kitanda nilichokiuza kwa shilingi 650,000 kilinigharimu 670,000, nami sikulijua hilo kwa kuwa sikuwahi kuhesabu kodi ya banda wala ujira wangu mwenyewe. Niliumia sana kuiona hesabu hiyo kwa mwandiko wangu.

Tuliandaa mpango wa mwaka mmoja: bei ya vitanda ipande, makabati ya jikoni yatangulie, mteja alipe nusu kabla mbao hazijakatwa, na fedha za nyumbani zitenganishwe na za karakana. Wateja wachache waliondoka. Mwezi wa nne niliwalipa mafundi wote bila kukopa.