Magunia yamejaa stoo, je hayo ndo maisha mazuri?

Huku Mafinga ukiuliza nani ana maisha mazuri utaonyeshwa nyumba, yaani bati la kisasa, geti, gari, shamba la miti ekari za kutosha, basi huyo katoboa. Sikatai, hela ni muhimu tena sana, ila mi naona tunapima nusu tu.

Angalia mkoa wetu wa Iringa. Mahindi tunalima mpaka tunalisha mikoa mingine, viazi vipo, maharage yapo, siku hizi na parachichi, halafu utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ukakuta karibu asilimia 57 ya watoto wetu wa chini ya miaka 5 wamedumaa, Njombe nako kama nusu, wakati nchi nzima ni asilimia 30. Inauma jamani. Chakula kipo, ila mama anatoka na jembe alfajiri anarudi jioni, mtoto kaachiwa dada yake ambaye naye bado mtoto, asubuhi uji wa sembe mtupu, usiku ugali, na mayai yote yameenda sokoni. Sasa hiyo familia wakati wa mavuno tunaisifia!

Ndo maana namkubali sana yule mchumi wa Pakistani, Mahbub ul Haq, ambaye mwaka 1990 kupitia UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, alisukuma nchi zisipimwe kwa pato peke yake, waangalie pia watu wanaishi miaka mingapi na wamepata elimu kiasi gani. Shirika la Afya Duniani nao wana dodoso la maswali 26 la kupima ubora wa maisha na uzuri wake anayejibu ni wewe mwenyewe, siyo jirani anayeona geti lako: unalala vizuri? maumivu yanakuzuia kufanya shughuli zako? hela inakutosha? marafiki wanakusaidia? unajisikia salama?

Mpe hilo dodoso mama wa huku mwezi wa 7, baridi kali, mlango wa jiko umefungwa, kuni mbichi, moshi machoni na kifuani, mgongo unauma tangu palizi. Mumewe anaweza kuwa na pikipiki mbili na bado yeye akajibu hapana karibu kila swali.

Mi natamani kwenye mikutano yetu ya kijiji, kabla hatujafika kwenye bei ya mahindi na mbolea, mwenyekiti aulize kwanza watoto jana wamekula nini na mara ngapi, na akinamama wamelala saa ngapi.