Suai ya bibi wa maua

Tangu Alhamisi neno moja limenikaa moyoni. Sherehe ya Wai Khru, siku ya wanafunzi kuwaheshimu walimu hapa Thailand, imepita salama na mkataba wangu umeongezwa mwaka, lakini kinachonirudia usiku ni yule bibi wa maua.

Alikuwa mlangoni pa darasa, anafunga vishada vya wajukuu kwa uzi: maua ya dokkhem, nyekundu zilizochongoka kama sindano, nyasi za phraek, na ua la mbilingani linaloinama, ndiyo heshima ya mwanafunzi kwa mwalimu. Nikaunganisha viganja, nikamwambia, "Suai maak kha." Nilikusudia: mazuri sana. Mkono wake ukasimama, uzi umekazwa kati ya vidole viwili. Akayatazama maua yake, kisha akasema polepole, "Mai pen rai." Hamna neno.

Katika Kithai, sauti ikipanda au ikilala maana hubadilika: suai ya kupanda ni nzuri. Suai ya kulala ni mkosi. Siku ya kuwatakia watoto heri, nimemwambia bibi wa watu mkosi mkubwa.

Mwalimu mwenzangu alinionyesha kwenye karatasi. "Nzuri" huanza na herufi ya Kithai iitwayo S ya chuimilia, iliyo kundi la juu la konsonanti, na bila alama yoyote sauti yake hupanda. "Mkosi" huanza na S ya mnyororo, kundi la chini, nayo hubaki tambarare. Mimi nilijifunzia herufi za Kizungu, na huko zote ni suai tu. Anayeanza asipite njia hiyo. Konsonanti 44 zinachosha, ila ndizo zinazokuambia sauti iende wapi. Halafu kuna mazoea yetu: Kiswahili tukimaliza kauli sauti inashuka, na ulimi wangu ukashuka nao. Suai ya kupanda inataka ianzie chini, ikae kidogo, ndipo ivutwe juu, kama unavyoitika "eeh?" usiposikia vizuri.

(Hata pumzi hubadili maana: pet ni bata, phet ni ukali wa pilipili. Watu wa Mombasa mtanielewa upesi, nyinyi mnaotofautisha paa la nyumba na phaa wa porini kwa pumzi tu.)

"Suai maak kha." Nimeirudia bafuni, njiani, nikisahihisha madaftari. Nikiisema sawa sasa, ndiyo inazidi kuniuma kwamba siku ile sikuisema.

Jana jioni nikamfuata kwenye meza yake sokoni. Nikanunua shada la jasmini, nikaisema kwa kuivuta. Akacheka hadi macho yakafumba, akaniongezea shada la pili. Nikamuuliza anafunga saa ngapi. "Saam thum." Tatu ya usiku! Sikuhesabu chochote kichwani. Usiku wao ni usiku wetu: nueng thum saa moja, song thum saa mbili, mpaka haa thum saa tano. Tunaachana ikipita saa sita tu, maana saa saba ya usiku kwao ni tii nueng, wanaanza moja upya. Mbali huku kote, nikasikia saa ya nyumbani kwetu ikitajwa na bibi wa mji huu wa Lopburi. Nilirudi nanusa jasmini njia nzima.

Sasa ni saam thum, huko kwetu saa kumi na moja jioni. Mama hapokei simu tangu asubuhi, na kwa hesabu yangu dawa zake za presha ziliisha jana. Dada, ukisoma hapa kabla ya ujumbe wangu, tafadhali pitia pale.