Muwala: kinachounganisha sentensi na sentensi

Nilipoanza kuhariri makala za wenzangu, niliamini kwamba viunganishi kama "hivyo" na "kwa sababu hiyo" ndivyo vinavyoyapa maandishi muwala. Leo naona kwamba kazi kubwa hufanywa na viambishi vidogo tunavyovipita bila kuviona. Tazama sentensi hii: "Kikombe kiligonga sahani, ikavunjika." Kiambishi i- kinaturudisha kwenye sahani bila kuitaja tena, na tukiandika "kikavunjika", hasara inahamia kwenye kikombe, nacho -ka- kinaonyesha kwamba tendo la pili lilifuata la kwanza. Huu ni utajiri wa ngeli zetu, na nasikitika tunapoufundisha kama orodha ya kukariri tu.

Hata hivyo, upatanisho wa kisarufi hautoshi. Mtu akisema, "Mawingu yametanda, anua nguo," hakuna neno linalounganisha mawingu na nguo, lakini msikilizaji anaelewa mara moja, kwa kuwa anaijua mvua na anajua kilichoanikwa uani. Asipoelewa, atauliza. Msomaji hana wa kumwuliza, ndiyo maana ninaposoma rasimu mimi hutafuta kwanza yale ambayo mwandishi aliyajua lakini hakuyaandika.